Ukuta Uliokuwa Ukimeza

Walisema chini ya nyumba yetu kuna kisima.

Kisima cha watu wa zamani, kilichofukiwa harakaharaka ili nyumba ijengwe, wala hakikufukiwa vizuri, na sasa maji yamechoka kukaa gizani, yanatafuta pa kutokea. Hayo niliyapata kwa jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu zimeshikana ukuta. Mtaani tunamwita Redio. Habari ikimfikia kabla ya chai, mchana imeshafika kwa fundi viatu wa mwisho wa barabara, tena imenenepa njiani.

"Mama Chiriku," aliniambia tukianika nguo, "unanijua, mimi si mtu wa maneno. Lakini chumba kile cha nyuma usimlaze mtoto. Kisima kikishaamka hakilali tena."

Nikacheka. Nikaingia ndani na beseni langu tupu. Kufika mlangoni pa chumba cha nyuma, kicheko kikanikauka mdomoni.

Mwanangu wa mwisho ndiye aliyekuwa akilala chumba hicho. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza; hata akila anasimulia anachokula. Lakini miezi hiyo kifua kilikuwa kimembana. Anaanza neno, kikohozi kinalikata katikati, anabaki amenikodolea macho kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Na ukuta ulio kichwani pa kitanda chake ulikuwa na doa. Baba yake alikuwa amelipaka rangi ya mafuta kabla hajasafiri na lori lake, tukapiga makofi, tukasema yamekwisha. Baada ya muda rangi ikavimba malengelenge kama ngozi iliyoungua, yakapasuka, na doa likarudi likiwa pana zaidi, limeota ukungu mweusi pembeni.

Zahanati walimpa dawa. Daktari akaniuliza, "Mtoto analala wapi?" Nikamweleza. Akasema dawa atampa, lakini kama kila siku anarudi kulala na ule ukungu, mimi na yeye tutazoeana sana.

Basi nikampigia simu baba watoto, nikamweleza yote, na habari ya kisima nikaiweka humo humo. Hapo ndipo nilipoharibu. Akakata simu, na jioni akanipigia, akasema, "Nimeongea na dada. Jumamosi anakuja kumchukua Chiriku. Atakaa naye, atasoma kule kule, mpaka tupate nyumba nyingine."

Wifi yangu ni mtu mwema, sina la kumsema. Hana mtoto, na Chiriku anampenda. Lakini anaishi mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima, na hiyo "mpaka" ya mume wangu haikuwa na tarehe. Nyumba nyingine tungeipata wapi? Nilijua mtoto akienda atanirudia mkubwa, ananisalimia kama mgeni. Nikaweka simu chini, nikaenda kukaa kwenye kitanda chake. Nikautazama ule ukuta, nao kama unanitazama.

Asubuhi yake Chiriku akaniambia jambo lililonisimamisha nywele.

"Mama, huu ukuta unameza."

"Unameza nini?"

"Maji. Unafanya gudu, gudu, gudu. Halafu unanyamaza. Halafu unameza tena." Akakohoa. "Una kiu sana."

Nikamwambia aache hadithi. Lakini mchana, alipokuwa nje na wenzake, niliinama kuchukua shuka lake, na mimi nikasikia. Gudu, gudu, gudu. Ndani ya ukuta! Nilitoka chumbani nimeshika shuka kichwani kama mtu anayekimbia mvua.

Nilipopata pumzi, nikasema moyoni: kama ni kisima, nikione. Kama si kisima, nijue ni nini, na nijue kabla ya Jumamosi. Nikamwita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi mwashi na ana utani mwingi kuliko saruji.

Alikuja na mfuko wake wa vyombo, akasimama mbele ya doa, akalivulia kofia.

"Pole na msiba," akaliambia.

"Shemeji, sina siku ya kucheka leo."

"Wewe ndiye uliyeolewa kwetu, kucheka ulishakubali siku ile." Akagusa ukuta kwa mgongo wa kiganja. "Bomba hili. Limepasuka ndani. Nakuapia."

"Bomba halipiti huku. Bafu liko upande wa mbele."

"Mafundi wa zamani walipitisha mabomba popote walipojisikia."

"Kabla hujavunja tuhakikishe," nikamwambia. Nilishajua nikimwachia nyundo hatabakisha ukuta.

Tukafunga mabomba yote ya nyumba, hata lile la nje. Shemeji akachuchumaa mbele ya mita ya maji, mimi nikasimama nyuma yake, sote tumekodoa macho kwenye kile kisindano chekundu kana kwamba ni mpira wa fainali. Hakikusogea. Tukangoja. Hakikusogea hata unywele.

"Hamna bomba linalovuja," nikasema.

"Labda mita imekufa."

Nikafungua bomba la nje kidogo tu. Kisindano kikazunguka mbio. Nikalifunga, kikasimama. Shemeji akajikuna shingo.

"Basi paa," akasema.

"Mvua ilinyesha lini?"

Akatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu na nyeupe, vumbi tupu. Lakini hakukubali kushindwa; akapanda juu ya paa, nikamsikia anatembea huko kama mbuzi, akashuka na buibui nyweleni. Mbao kavu. Mabati mazima. Na doa lenyewe, nikamwonyesha, halikuanzia juu. Juu ya ukuta palikuwa pakavu kabisa. Lilianzia chini, likapanda mpaka usawa wa mto wa kitanda.

Nikachukua penseli ya Chiriku nikalizungushia doa mstari. "Kesho tutaona kama linatembea," nikasema. Kisha nikakata mfuko wa nailoni, nikaubandika juu ya doa kwa selotepu pande zote nne, nikaubana vizuri.

"Hiyo ni dawa ya kienyeji?" shemeji akauliza.

"Ni akili. Kama unyevu unatoka kwenye pumzi zetu humu chumbani, maji yatakaa juu ya nailoni. Kama unatoka ukutani, yatakaa chini yake."

Alinitazama kama mtu aliyemkuta kuku wake anasoma gazeti.

Chiriku nikamhamishia kitandani kwangu. Kulipokucha nilikwenda kule mbio, hata uso sijanawa. Doa lilikuwa limeupita mstari wa penseli! Na nailoni, juu kavu, chini yake matone yamejipanga kama jasho puani. Nilipiga kelele mpaka Chiriku akaja anakimbia na mswaki mdomoni.

"Unatoka ukutani! Si sisi! Unatoka humu ndani ya ukuta!"

"Nilikwambia unameza," akasema, povu la dawa ya meno linamtiririka.

Nitasema ukweli, furaha ile ilidumu kama povu lenyewe. Maana kama si bomba, si paa, wala si pumzi zetu, kilichobaki ni nini? Kisima. Redio akapita dirishani wakati huo huo akaniuliza kama nimeshafunga mizigo ya mtoto. Habari za safari alishazipata, sijui kwa nani.

Shemeji alipofika nikamwambia tufunue sakafu. Tukasogeza kitanda, tukakunja lile zulia la plastiki kuanzia mlangoni. Chini yake saruji kavu. Tukaendelea kukunja. Kavu. Katikati ya chumba, ambapo kama kuna kisima ndipo kingekuwa, niliweka shavu langu sakafuni. Vumbi likanishika shavuni. Ni ule ukanda wa mwisho tu, uliogusana na ukuta wa doa, ndio uliokuwa umelowa.

"Shemeji," nikasema nikiwa bado nimelala chini, "hicho ni kisima gani kinacholowesha ukuta mmoja na kuacha chumba kizima?"

"Kisima chenye adabu," akasema. Lakini hata yeye macho yalikuwa yamemwaka. Akafungua mfuko, akatoa tindo na nyundo. "Sasa naomba ruhusa, mama mwenye nyumba."

Nikampa.

Plasta ilianguka kwa mapande, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ndani hakukuwa na bomba, hakukuwa na waya, ila matofali tu. Lakini yalikuwa na rangi ya ajabu, hudhurungi, kama yamemwagiwa chai ya rangi.

"Hii ni kutu," shemeji akasema. Akalinusa tofali. "Kuna chuma mahali. Kuna chuma kinachooza."

Akachokoa udongo wa katikati ya matofali. Ulitoka wenyewe, mbichi. Akaingiza kidole, kikazama chote, akakitoa kimelowa mpaka mwisho. Akanionyesha, kisha akanionyesha upande wetu wa tofali, ambao tangu tubandue plasta ulikuwa umeanza kukauka.

"Kadiri unavyokwenda ndani ndivyo panavyolowa," akasema polepole.

Tulitazamana. Nadhani tulilifikia wazo pamoja. Ukuta una pande mbili.

Nilikwenda kwa Redio sijavaa hata viatu. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Nikamwomba nione chumba chake cha nyuma, mara moja tu.

"Kile?" Mkono ukasimama juu ya ungo. "Kile ni cha wageni, mama Chiriku. Kimefungwa. Hakuna bomba mle, hakuna kitu."

"Nione tu ukuta."

"Ufunguo sijui uko wapi. Kisima hicho, nakwambia, mbona unajichosha? Hata mimi..." Akajikata mwenyewe, akarudi kwenye mchele. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumwona Redio akiacha sentensi nusu.

Nilirudi nyumbani nimekunja uso. Huwezi kuvunja mlango wa jirani. Na nilipofika kwangu, mlangoni palikuwa na begi kubwa la maua mekundu, na juu ya begi amekaa wifi yangu, anajipepea kwa kitambaa.

"Wifi! Si Jumamosi?"

"Nilipata nafasi mapema. Yuko wapi kasuku wangu?" Ndivyo anavyomtania Chiriku. Mtoto akaja, akamkumbatia, akaanza kumsimulia habari za mita na za nailoni, na kikohozi kikamkamata, kirefu, mpaka macho yakamtoka machozi. Wifi alimshika mgongo, akaniangalia juu ya kichwa chake. 

"Niachie mpaka Jumamosi," nikamwambia.

"Wifi, huu si ubishi. Sikiliza kifua cha mtoto."

"Nakisikia kila siku."

Redio naye hakukaa. Mgeni akishuka mtaani ni lazima akaguliwe. Aliingia na sahani ya matunda, akamsalimia wifi kwa mikono miwili, na kabla hatujamaliza salamu tulikuwa sote chumba cha nyuma, yeye akisimulia. Wifi amekaa ukingoni mwa kitanda, Chiriku mapajani pake. Shemeji ameegemea mlango, tindo mkononi. Na Redio mbele ya ukuta uliochunwa, mkono kiunoni, kama mwalimu.

"Ni kisima, shangazi mtu. Kilikuwa hapa kabla ya nyumba hizi. Mchukue mtoto, mwende salama. Haya maji hayana mwisho, yanatoka..."

Gudu, gudu, gudu.

Wifi aliruka na mtoto. Redio alipiga ukelele kuliko sisi sote, sahani ikaanguka. "Kisima!" akalia. "Mmesikia? Kisima hicho!"

"Unameza," Chiriku akasema kwa utulivu.

Na hapo hapo, kupitia yale matundu aliyochokoa shemeji katikati ya matofali, ikaja sauti ya msichana, safi kabisa, kama yuko nasi chumbani:

"Mama! Wee mama! Hili pipa la ukutani limepungua tena! Nalijaza au nachota la katikati?"

Ilikuwa sauti ya binti yake Redio, yule mkubwa.

"Pipa?" wifi akasema.

"La ukutani," shemeji akasema.

"La katikati," nikasema mimi. "Kwani yako mangapi?"

Chiriku akateremka mikononi mwa shangazi yake, akaweka midomo yake kwenye tundu la ukuta, akaita kwa nguvu zote alizokuwa nazo: "Usijaze, dadaaa! Linavuja kwetu!"

Upande wa pili, kishindo cha kopo likianguka, na miguu inayokimbia.

Sisi nasi tukakimbia. Sote, Redio mbele. Binti alikuwa ameuacha mlango wazi, na ule ufunguo ambao mama yake hakujua uko wapi unaning'inia kwenye kitasa. Chumba cha wageni hakikuwa na kitanda wala mgeni. Kulikuwa na mapipa ya chuma, makubwa, yamepangwa ukutani na kufunikwa mapazia ya zamani. Pipa lililogusa ukuta wangu lilikuwa limeliwa na kutu chini, na kutoka kwenye ule mkunjo wa chini maji yalikuwa yanachuruzika bila haraka, yanaingia moja kwa moja kwenye matofali. Sakafu imelowa, na kando ya pipa dumu la kuchotea limejaa nusu; ile gudu, gudu ilikuwa ni maji yakiingia humo. Mablanketi yaliyorundikwa pembeni yameota ukungu mweusi, mwenzake na wa kwangu.

"Walisema maji yatakatwa," Redio akaanza, na sauti ilikuwa ndogo. "Kwamba bomba kubwa litafungwa, mtaa mzima utakaa bila tone. Mnakumbuka mara ile? Nilikuwa nabeba ndoo usiku na mchana, babangu amelala hajiwezi, lazima aoshwe. Nikasema safari hii hainikuti. Nikayaficha kwa sababu mngekuja wote kuomba."

"Na kisima?" nikamuuliza.

"Si niliona sakafu inalowa! Nikamgombeza binti kwamba anamwaga, akasema hamwagi. Chumba hakina bomba. Ningefikiri nini?" Akaanza kulia. "Nilikuonya kwa nia njema, mama Chiriku. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuingia."

Nilikuwa nimejiandaa kumpasukia. Maneno nilikuwa nayo, yamenijaa mpaka kooni. Lakini kabla sijafungua mdomo tukasikia kitu kutoka chumba kinachofuata, nyuma ya ukuta wa pili uliopangwa mapipa. Kikohozi. Kirefu, cha kifuani, ninachokijua kama jina langu. Ni babake mzee.

Redio akageuka, akatazama ule ukuta wa pili. Ulikuwa na doa. Akaweka mkono mdomoni.

"Shemeji," nikasema, "toa mapipa."

Kulikuwa na shamrashamra siku ile! Hakukuhitajika tangazo, kwa mara ya kwanza Redio hakutangaza yeye. Watoto walikuja na madumu, wamama na mabeseni, fundi viatu na ndoo ya kuogea. Kila aliyetaka akachota. Zikafuliwa nguo mtaa mzima, kamba zikajaa. Wifi yangu, aliyekuja kunichukulia mwanangu, alikunja gauni mpaka magotini akawa anasukuma maji kwa ufagio, anaimba. Shemeji akayabingirisha mapipa matupu nje, akagonga lile lenye kutu kwa tindo, tindo likapita.

"Kisima chenu hiki hapa," akasema. "Mkizike."

Redio akamhamishia baba yake chumba cha mbele, chenye dirisha. Akaja kwangu jioni, akakaa, hakusimulia habari ya mtu yeyote. Nikamwekea chai.

Siku ya Jumamosi ilifika. Begi la maua lilikuwa mlangoni na mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Wifi akanivuta mkono mpaka chumba cha nyuma. Dirisha wazi, kitanda kimetolewa, tofali limeachwa uchi lipigwe na hewa, kama alivyotaka shemeji. Nilikuwa nimeweka mstari mwingine wa penseli. Wifi akauinamia.

"Limerudi ndani," akasema. Akaupima kwa kidole chake. Doa lilikuwa limeachana na mstari. Pembezoni tofali lilianza kukauka, likirudia rangi ya tofali la kawaida.

"Kifua hakitapona kwa siku moja," nikasema, maana sikutaka kumdanganya.

"Najua. Na mimi si daktari. Atalala wapi?"

"Kwangu, mpaka ukuta ukauke wote. Na zahanati tutaendelea."

Akafikiri. Kisha akachukua simu akampigia kaka yake mbele yangu. "Narudi peke yangu," akamwambia. "Kisima? Kisima gani? Acha kusikiliza redio."

Chiriku alimsindikiza mpaka njia kubwa, amebeba mkoba wake mdogo. Nilikuwa nyuma yao. Alimsimulia shangazi yake mapipa yote, moja moja, na binti wa Redio alivyoangusha kopo, na kutu ina harufu gani. Alikohoa mara moja, akapumzika, akaendelea pale pale alipokatika. Hakuacha hata neno moja nyuma.

Naandika haya kwa mama mwenye doa ukutani na mtoto anayekohoa. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usipake rangi juu ya doa kabla hujajua maji yanatoka wapi. Unalificha, hulitibu.

Usisukume kitanda wala kabati likagusa ukuta. Acha nafasi ya mkono kupita, hewa nayo ipite.

Usimlaze mtoto wala mzee penye ukungu, hata kama umepafuta jana.

Usianike nguo mbichi ndani na madirisha umefunga.

Usivunje ukuta kabla ya kutazama mita, paa na sakafu. Fundi akikuapia, mwambie ahakikishe.

Usiweke pipa la chuma likagusa ukuta, wala chini kabisa sakafuni. Liinue juu ya mawe, na kila wiki chungulia chini yake.

Usisahau kwamba ukuta una upande wa pili, na upande wa pili una mtu. Kamuulize. Usimwache ajifiche.

Usimwambie mtoto aache hadithi anapokueleza alichosikia.

Na usimpeleke mtoto mbali kwa sababu ya kisima ambacho hakuna aliyekiona.